Daktari Asiyeingia Jikoni

Daktari alikuwa na namna yake ya kunyamaza. Ukimaliza kusema, alisubiri. Mtu akinyamaza mbele yako unadhani hajakuelewa, kwa hiyo unaongeza maneno, na mara nyingi ni katika yale ya kuongezea unapotoa kitu ulichokusudia kubaki nacho. Nilimfahamu kwa miaka mingi kabla sijatambua kwamba kimya kile kilikuwa kifaa cha kazi, kama bisibisi ilivyo kwangu.

Mimi ni fundi wa majokofu. Chuo sikupita, nilijifunza kwa kufungua yaliyokufa na kusoma chochote kilichonifikia. Karakana yangu iko Kalangalala, mjini Geita, na kituo cha utafiti cha Daktari kilikuwa mtaa wa pili. Dawa zake zilitaka ubaridi usiopanda wala kushuka, na umeme wetu unajulikana. Hivyo ndivyo tulivyozoeana: mimi nimelala chali nyuma ya jokofu lake, yeye amekaa kwenye kigoda akiuliza gesi inapita wapi na kwa nini inapoza. Aliuliza kama mwanafunzi. Nikikosea kumweleza, alijua, akasubiri.

Siku moja nilimuuliza kwa nini simwoni akitibu watu kama madaktari wengine.

"Wenzangu wanatibu kwa dawa zilizopo," alisema. "Mimi natafuta ambayo bado haipo."

Ujana wake mwingi ulipita katika maabara za ng'ambo, akichunguza jinsi chembe za ubongo zinavyopelekeana taarifa, na kinachotokea taarifa hizo zinapozidi hadi mtu akasikia sauti za watu wasiokuwepo. Aliniazima vitabu. Nilivisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja ukinichukua jioni nzima. Maswali yangu hakuyacheka kamwe. Aliyacheka majibu yake mwenyewe, hasa yale ya "hatujui", ambayo yalikuwa mengi.

Alichokitafuta kilikuwa rahisi kueleza. Dawa za zamani za maradhi ya akili hunyamazisha sauti, lakini wengi wanaozitumia hutetemeka mikono, huburuta miguu, hukakamaa uso. Basi wanaziacha. "Mtu anachagua kati ya sauti na kutetemeka," aliniambia. "Wengi wanachagua sauti. Angalau sauti zinaongea naye." Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imetengeneza dawa mpya, yeye akiwa mmoja wa walioifikiria tangu mwanzo, na matumaini yake yote yalikuwa kwamba hii ingenyamazisha bila kutetemesha. Aliomba ijaribiwe huku, kwa watu wa huku. Alisema amechoka kuona dawa ikijaribiwa kwa watu wengine halafu inaletwa kwetu kama nguo za mitumba.

Watu walimwita Daktari wa Vichwa. Kila wiki alikwenda Segese, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako alikodi nyumba karibu na soko, na mara nyingi nilikuwa naye kwa ajili ya jokofu la huko. Wachimbaji waliotoka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, wakinywa chai kibandani, walimngoja.

"Daktari wa Vichwa, mwangaluka. Mimi nikifumba macho naona dhahabu tupu. Una dawa?"

"Mwangaluka. Na ukifumbua?"

"Nikifumbua naona mwenye duara anadai jembe lake."

"Basi uko mzima. Endelea kufumba."

Walicheka, na yeye akacheka akiwa tayari anaondoka. Hakukaa nao hata siku moja. Wengi walisema anaringa. Tena alipokutana na mgonjwa wake sokoni alimpita kama hamjui, na hilo ndilo lililowaudhi zaidi, kwa maana huku kwetu kumpita mtu bila salamu ni kumtukana. Nilimwambia. Akanieleza kwamba mgonjwa akimsalimia kwanza ataitika, lakini yeye hawezi kuanza, kwa sababu Daktari wa Vichwa akikusalimia kwa jina, soko zima limeshajua una nini.

Ndiyo maana nyumba ile ya Segese haikuwa na kibao. Ndiyo maana pia aliweka sheria kwamba hakuna mtu wa kituo atakayekwenda nyumbani kwa mgonjwa. "Ukipeleka gari langu mlangoni kwa mtu, umewatangazia majirani," alisema. Mgonjwa ndiye aliyekuja, kwa siku na kwa mlango aliouchagua mwenyewe. Katika miaka yote ile Daktari hakuwahi kuona mgonjwa wake hata mmoja anakula wapi na analala wapi. Aliiona sheria hiyo kuwa heshima, na ilikuwa heshima kweli.

Mtu huyo makini alikuwa na vichekesho vyake. Alijua mishipa ya ubongo kwa majina, lakini alipotea njia kutoka kanisani kwenda kwake. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya, kwa nguvu na bila kufuata wengine, na mwalimu wa kwaya alimvumilia kwa kuwa ndiye aliyenunua kinanda. Hakuruhusu mtu atamke neno kichaa mbele yake, lakini jenereta lilipokataa kuwaka alilifokea: "Kichaa wewe." Akigundua nimemsikia, aliliomba jenereta radhi.

Sentensi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: "Usiniambie unavyodhani, niambie ulichokiona." Aliwaambia wasaidizi wake, aliniambia mimi, aliwaambia watu wa kampuni. Ilimjengea heshima, na baadaye ikamtesa.

Mama Kabula ni mke wa kaka yangu. Wanaishi Segese, kaka akichimba kwenye maduara ya watu. Sauti zilimwanza baada ya kujifungua mtoto wake wa pili. Zilimwambia maji ya kisima yana watu ndani. Alipelekwa kwa waganga, akapelekwa kwenye maombi, akapelekwa hospitali akapewa dawa ya zamani, akakakamaa kama gogo, akaiacha. Kabula, binti yake mkubwa, alikuwa bado shule ya msingi, na ndiye aliyekuwa akimfuata mama yake barabarani kumrudisha. Mimi ndiye niliyemwambia kaka ampeleke kwa Daktari.

Daktari aliwachagua watu wake kwa uangalifu wa kupita kiasi. Zebaki ilimhofisha. Mchimbaji huichanganya na unga wa mawe, inashika dhahabu, likapatikana donge. Donge likichomwa, zebaki inaondoka kwa moshi na dhahabu inabaki. Moshi huo ukivutwa kwa muda mrefu unaingia ubongoni, mtu anatetemeka, anasahau, anakuwa mkali. Dawa inayopimwa kwa kutetemesha au kutotetemesha haiwezi kujaribiwa kwa watu wa namna hiyo. Kwa hiyo wachimbaji wote aliwaacha. Alichukua wanawake wa nyumbani, na kila mmoja alimuuliza mwenyewe, kupitia muuguzi mwenye Kisukuma safi, kama anafanya kazi ya dhahabu. Wote walisema hapana. Hakuna aliyemdanganya.

Nusu yao walipewa dawa mpya na nusu ya zamani, vidonge vikifanana, na yeye mwenyewe hakujua nani amepata ipi. Lakini sisi ndugu tulijua. Miezi michache baadaye nilifika Segese nikamkuta Mama Kabula anapepeta mchele huku anamtania jirani, na alicheka mahali pa kucheka. Aliniona, akanyanyuka.

"Shemeji, kumetulia humu," alisema, akigusa kichwa. "Ni kama redio ya jirani imezimwa. Sikujua ilikuwa na kelele kiasi gani."

Aliwapeleka watoto shule mwenyewe. Alikwenda mnadani akarudi na kitenge alichokichagua yeye. Kaka alianza kurudi nyumbani mapema, jambo ambalo kwa mchimbaji ni habari.

Kisha kikombe mkononi mwake kikaanza kugonga kisahani. Kwanza kidogo, halafu hata mtu wa mbali angeona. Na hakuwa peke yake. Wanawake wengi wa Segese walianza hivyo. Siri ya vidonge ilipofunguliwa, ikaonekana waliopata dawa mpya wanatetemeka sawa na waliopata ya zamani. Na dawa ya zamani kila daktari anajua inatetemesha. Kwa hiyo jibu likawa wazi: dawa mpya ni yale yale.

Watu wa kampuni hawakutaka kukubali. Walimwambia labda kuna sababu nyingine, asubiri, ajaribu mahali pengine kabla ya kusema. Aliona wanataka kuuza. Nilikuwa ofisini kwake nikikaza bomba alipowajibu kwenye simu.

"Nilichokiona nimekiona," alisema. "Siwezi kuwatetemesha watu ili ninyi mpate soko."

Aliweka simu, akakaa kimya, na safari hii hakuwa akimsubiri mtu. Alikuwa ameiua dawa aliyoihangaikia maisha yake yote, kwa mkono wake, kwa sababu ya ukweli. Niliondoka pale nikijisemea kwamba nimeona mtu mwaminifu. Wengine pia waliona hivyo. Alialikwa vyuoni kuzungumza juu ya uaminifu wa mtafiti.

Mama Kabula alirudishwa kwenye dawa ya zamani. Alipoambiwa kwamba ile nyingine haifai, alimuuliza muuguzi, "Haifai kwa nani?" Aliiacha ile ya zamani kama mwanzo, na sauti zilirudi kabla ya mavuno. Mikono iliendelea kutetemeka, na kila mtu akasema ni mabaki ya sumu ya Daktari. Alikutwa mara nyingine pembeni mwa barabara ya Kakola, peku. Watoto wakaenda kulelewa na dada yangu. Kaka alirudi kwenye desturi yake ya kuchelewa.

Miaka ilipita. Daktari akiwa amekaribia kustaafu, tulikuwa tunatoka Kahama tukanaswa na mvua Segese. Kituo kilikuwa kimekwisha kufungwa, gari lilikuwa la kwangu, na sheria ya zamani haikuwa na wa kumlinda tena. Nikamwambia tujikinge kwa kaka. Mama Kabula alikuwa na siku yake nzuri. Sebule ilivuja, akatukaribisha jikoni, mahali ambapo mwanamume mgeni kwa kawaida haingii, lakini mvua haina adabu. Tulipoingia, kikaango kidogo cheusi kilikuwa juu ya jiko la mkaa. Ndani yake lilikuwamo donge la kijivu, likigeuka njano taratibu. Chungu cha maharage kilikuwa pembeni.

Daktari alisimama mlangoni.

"Mayu, hicho ni nini?" aliuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ni mgawo wa Baba Kabula. Walimlipa mawe, nikayapeleka karasha yakasagwa, nikaosha."

"Unachomea humu siku zote?"

"Sasa nichomee wapi, Daktari? Barabarani, watu waone tumepata nini?"

"Tangu lini?"

"Tangu niolewe. Nilipougua niliacha, nilipotulia nikaanza tena."

"Nilikuuliza," alisema polepole, "kama unafanya kazi ya dhahabu."

"Uliniuliza. Kazi ya dhahabu ni ya Baba Kabula, huko shimoni. Mimi niko nyumbani."

Alisema hivyo bila ubishi, huku akikoroga maharage. Kwake kuchoma mgawo wa mume ni sehemu ya nyumba, kama kuanika michembe ya viazi. Daktari aliuliza majirani wakoje. Akajibiwa kwamba kila mwenye mume duarani huchoma jikoni kwake. Mimi nilikuwa nimejua hilo tangu utotoni. Mama yetu alifanya hivyo. Sikuwahi kuwaza kwamba ni jambo la kumwambia mtu, na hilo nalisema bila kujitetea.

"Moshi huu ni mbaya, mayu," alisema. "Toa nje." Kisha akatoka kwenye mvua akakaa ndani ya gari.

Alitumia fedha yake kuwapima mkojo wale wanawake aliowapata. Zebaki ilikuwamo, kwa wa dawa mpya na wa dawa ya zamani. Aliiandikia kampuni. Walimjibu kwa upole kwamba dawa iliachwa zamani, waliokuwa wakiitengeneza wametawanyika, na hakuna mwenye nia ya kurudi nyuma. Hakuna anayejua sasa kama ingewafaa watu wote. Lakini kile alichokisimamia, kwamba inatetemesha, hakuwa amekiona. Alikuwa ameona mikono, akadhani dawa.

Tangu hapo alibadilika kwa mambo madogo. Aliacha kwaya, alisema ni koo. Ule ubingwa wa kungoja ulimtoka, akawa anakukatiza kabla hujamaliza, kama anayeogopa utafika mahali asipopataka. Na alianza kuwasimulia watu kosa lake. Aliwaambia wanafunzi wa udaktari, akawaambia wenzake katika mikutano, aliwaambia maofisa wa afya, aliniambia mimi tena na tena barabarani: "Niliwaheshimu mpaka nikashindwa kuwaona." Aliandika makala ya kujisahihisha. Alimwambia kila mtu isipokuwa Mama Kabula.

Nilimsukuma. Akasema, "Niachie mimi, nitamwambia mwenyewe." Huyu ndiye mtu aliyewafundisha wasaidizi wake kwamba mgonjwa ana haki ya kujua kwanza. Mwaka ukapita, akastaafu, akahamia kwa binti yake Ibadakuli, nje kidogo ya Shinyanga mjini, na hakukanyaga tena Segese. Nami niliacha iwe hivyo. Nilimpenda, na nilipokuwa na shemeji yangu mezani niliongea mambo ya mvua.

Kiangazi kilichopita Mama Kabula aliniambia, "Shemeji, nipeleke kwa yule Daktari. Nina neno naye." Sikuuliza neno gani. Nilidhani amesikia mahali.

Tulimkuta barazani, amekonda, blanketi magotini ingawa kulikuwa na jua. Ndege ilikuwa ikishuka kwenye uwanja wa jirani, ikabidi tungoje kelele ipite kabla ya kusalimiana.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mayu." Alimtazama, akanitazama mimi, kisha akaanza kabla hajaulizwa lolote. Alisema yote. Kwamba kutetemeka kulitoka kwenye moshi. Kwamba dawa haikuwa na kosa hilo. Kwamba kampuni ilimwomba asubiri naye akakataa kwa kiburi. Kwamba amelijua hilo kwa miaka na hakuja. Hakutumia neno hata moja la kitabibu. Alipomaliza, mikono yake ilikuwa imekamata ukingo wa blanketi.

Mama Kabula alisogea karibu naye.

"Kwa hiyo ile miezi nilikuwa mzima kweli," alisema.

"Ulikuwa mzima."

"Waliniambia ilikuwa ni sumu inanichangamsha. Nikaamini. Nikawa hata kukumbuka naona aibu." Alijifunga kitenge vizuri. "Na hiyo dawa iko wapi?"

"Haipo, mayu. Hakuna mahali."

"Haipo."

"Nilipaswa kuja, nina deni kwako. Nisamehe."

"Wewe hukuja, Daktari. Nimekuja mimi," alisema, bila ukali. "Na sikujia hayo, sikuyajua. Nimekuja kwa ajili ya Kabula. Ameolewa, mumewe yuko duarani, anachoma jikoni na mtoto mgongoni. Nikimwambia moshi ni mbaya, anasema mama ugonjwa umeanza. Mumewe anacheka. Mimi nikisema kitu, ni ugonjwa. Wewe ukisema, ni Daktari."

"Nitamwandikia ofisa wa afya wa—"

"Uje wewe."

"Wiki ijayo mwanangu akiwa na nafasi—"

"Leo. Leo niko sawa. Wiki ijayo sijui."

Binti wa Daktari alikuwa ametoka ndani akasema baba hawezi safari. Daktari alimwomba viatu.

Nikawasha gari. Segese tulifika jua likiwa bado juu. Kabula alitoka akifuta mikono, akapiga goti kumwamkia, akatuletea viti kivulini. Daktari alikataa kiti.

"Nionyeshe jiko lako, mjukuu wangu."

Kabula alimtazama mama yake, akanitazama mimi, kisha akamwongoza. Nilibaki mlangoni. Kikaango cheusi kama cha mama yake kilikuwa kando ya mafiga. Daktari alikaa kwenye kigoda na kumweleza moshi unakwenda wapi mtu akiuvuta, na unafanya nini kwa mtoto aliye mgongoni. Kabula alisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikilizwa wageni.

"Mama ndiye amekutuma?" aliuliza mwishowe.

"Ndiye. Na alichokuambia ni kweli tupu. Ile mikono yake, mnayosema ni sumu ya dawa, ni moshi huu. Na mimi ndiye niliyemnyang'anya dawa iliyomfaa, kwa kutojua. Mama yako alikuwa mzima. Ulikuwa mdogo, lakini unakumbuka."

Kabula aligeukia mlangoni. Nje tulimsikia mama yake akijadiliana na kuku. Kisha Kabula akakifungua kitenge, akamshusha mtoto kutoka mgongoni, akapita karibu yangu akaenda nje kivulini alipokaa mama yake. Tangu mtoto huyo azaliwe, bibi yake alikuwa hajapewa kumshika, walihofia. Kabula alimweka mapajani mwa mama yake, akabaki ameinama hapo, mikono yake wazi chini ya ile ya mama, kwa tahadhari.

Mikono ya Mama Kabula ilitetemeka, na ilimshika. Mtoto alianza kucheza na kidole kimoja kilichokuwa hakitulii.

Daktari alikuwa amesimama nyuma yangu mlangoni. Aliitazama ile mikono kwa muda, kisha akarudi ndani ya jiko peke yake, akakaa.